Mkasi wa Baba na Ubao Wangu

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza shajara. Mtu mwenye mipango mikubwa lazima aweke kumbukumbu, maana siku ya siku watakuja watu kudai kwamba akili ilikuwa yao.

Nianze na hali halisi. Jina langu Jafari Shafii, umri miaka arobaini na tatu, mtoto wa kiume pekee wa Mzee Shafii. Niko nyumbani kijijini, nusu saa kwa bodaboda kutoka Nanyamba. Mtwara mjini nimepaacha wiki mbili zilizopita, baada ya Dada Saida kunipigia simu kwamba kifua kimembana Baba na macho yake yameisha kabisa. Nilikuja mbio. Wabaya wangu wanasema nilikuja mbio kwa sababu bajaji niliyokuwa naendesha ilichukuliwa na mwenyewe. Hayo ni mambo mawili tofauti yaliyotokea wiki moja.

Shamba letu ni la zabibu. Ndiyo, zabibu! Huku kila mtu ana mikorosho na mihogo, Baba peke yake ana mizabibu. Ujanani alikuwa fundi mwashi Dodoma, akarudi na vipandikizi ndani ya gunia lililolowa maji, kijiji kizima kikamcheka. Leo ni mistari saba, nguzo na nyaya, na vichala vyake vinauzwa hadi dukani kwa Bwana Ehsan kule Mikindani. Waliocheka sasa huja kuomba vya kumpelekea mgonjwa.

Lengo langu ni mkasi. Baba ana mkasi wa kupogolea, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli, haachani nao hata kitandani. Atakayekabidhiwa mkasi ndiye atakayekuwa mkubwa wa shamba. Hakuna aliyetamka hivyo, lakini kila mtu anajua. Mshindani ni mmoja tu, Dada Saida. Amekaa hapa miaka yote, amemuuguza Mama mpaka mwisho, sasa anamuuguza Baba, na anaujua mzabibu mmoja mmoja. Zaidi ya hayo hana sifa yoyote.

Jioni Baba kaniita. Kasema mistari sita imeshapogolewa, umebaki wa saba, na huo alikuwa ananisubiri mimi. Kesho asubuhi nimshikie matawi, yeye akate kwa kupapasa. Nikasema inshaallah.

Nimetafakari sana. Mstari wa saba ni mfupi, mizabibu kumi na mmoja tu, uko pembeni kabisa njia ya kwenda chooni. Saida kashika matawi ya mistari sita mizuri. Mimi nimebakiziwa wa chooni. Dharau hii!

Jumanne, 6 Mei

Sikwenda kushika matawi. Ukishamshikia mtu matawi mara moja, atakuona mshika matawi maisha yako yote. Nilimtuma mtoto wa Saida aseme tumbo linanisumbua.

Badala yake nilikwenda kwa Fredi. Huyu ni seremala, rika langu, na ni mtani wa ukoo wetu tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kumwambia Baba lolote. Mpango wangu: Fredi aende kumjulia hali mgonjwa, na katikati ya utani apenyeze kwamba shamba linahitaji mwanamume mwenye upeo. Nilimnunulia supu ya pweza. Akala bakuli mbili. Akaniapia.

Nilijibanza nyuma ya dirisha nisikilize. Loo! Alichofanya ni kumwambia Baba kwamba nimemtuma na nimemlipa kwa supu. Kisha akaomba shamba alirithi yeye, kwa kuwa akimwachia Jafari zabibu zitaishia pale kilipoishia kibanda cha chai cha Kilambo. (Kibanda kile kilikuwa wazo zuri. Sikujua tu kwamba wanaovuka mto Ruvuma pale kivukoni huja na chai yao kwenye chupa.)

Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka Saida akaja kumwinua mgongo. Kilipotulia kifua nikamsikia anamuuliza Fredi, kwani tumbo la Jafari limepona? Fredi akasema limepona, ameliona kwa macho yake linakunywa supu. Baba akasema vizuri, basi kesho atakuja.

Mtani ni adui. Nimemfuta kwenye mpango.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimemuwahi Saida. Nimeamka kabla ya adhana, nimewasha moto, nimepika uji wa Baba mwenyewe kwa mikono yangu. Nikampelekea kitandani. Akapapasa bakuli, akauliza ni nani. Nikasema ni mimi, Baba. Uso wake ukachangamka. Akanywa polepole, akamaliza wote, akafuta mdomo, akasema ahsante mwanangu, leo nimekunywa uji. Ushindi!

Baadaye Saida kaonja uliobaki sufuriani. Kumbe nilitia chumvi mahali pa sukari, vijiko vinne. Kasimama mlangoni kaniangalia bila kusema kitu. Nikamwambia Baba mwenyewe hajalalamika, yeye analalamika kama nani? Kasema yeye hajalalamika. Kweli alikuwa hajafungua mdomo.

Baba akauliza kama sasa twende kwenye mstari wa saba, jua halijawa kali. Alikuwa ameshavaa kandambili. Nikamwambia nina safari ya muhimu Mikindani, kesho bila kukosa. Akasema sawa. Akavua kandambili, akazipanga chini ya kitanda kwa mguu.

Safari yenyewe ni siri, naiandika hapa tu. Nimekwenda kuagiza ubao! Shamba hili miaka yote halina kibao barabarani, halafu tunashangaa. Kule Mikindani yuko fundi wa maandishi anaitwa Happiness, mkono wake umenyooka kama rula. Tumekubaliana ubao wa mninga futi sita, rangi nyeupe, maandishi mekundu: SHAMBA LA ZABIBU LA JAFARI SHAFII. Aliniuliza kama mzee mwenyewe amefariki. Nikasema hapana, Mungu apishe mbali, ila mimi naona mbele. Akaniangalia vile vile anavyoniangalia Saida. Sijui wanawake hawa wanafundishwa wapi. Utakuwa tayari Jumapili, na malipo ni tenga moja la zabibu za Septemba.

Baba akiuona ubao umeshasimama atanipa mkasi mwenyewe. Kwa kweli hatauona, macho hayapo. Lakini ataambiwa.

Alhamisi, 8 Mei

Siku mbaya. Usiku kifua kilimbana Baba, asubuhi tukamwita muuguzi wa zahanati. Kampiga sindano, kasema alazwe kwa kuegemea mito, asichoshwe. Nje ya mlango kamwambia Saida neno kwa sauti ya chini. Nilisogea nisikie, muuguzi akanyamaza. Nilipomuuliza Saida, akasema muuguzi amesema tukae karibu naye. Hilo tu. Nina hakika kuna zaidi, wananificha.

Baba kutwa kashika mkasi kifuani. Mara mbili kauliza ni siku gani. Nikamwambia Alhamisi. Akasema masika yameisha, mizabibu inaamka, wa saba usipopogolewa wiki hii msimu utapotea. Nikamwambia usijali Baba, pumzika. Akanishika kiganja, akakipapasa kidole kimoja kimoja kama anayekagua tawi. Akasema mikono yangu ni laini. Sikujua kama ni sifa au ni lawama. Nimeiandika kama sifa.

Nimekaa nimewaza. Mstari wa saba haujapogolewa. Baba hawezi kutoka kitandani. Saida haugusi, anasema si wake kuugusa. Hapa ndipo mwanamume huonekana. Nitaupogoa mwenyewe, peke yangu, kwa mkupuo mmoja! Baba ataamka na kuambiwa kazi imekwisha. Mkasi utatoka wenyewe.

Ujuzi ninao. Mwaka juzi bwana shamba alikuja kufundisha kufufua mikorosho mizee, nami nilikuwepo, mstari wa mbele. Unakata shina lote ubakize kisiki cha goti, nacho kinachipua upya kwa nguvu za ujana. Mti ni mti.

Ijumaa, 9 Mei

Sikuhudhuria swala ya Ijumaa. Mungu anajua nia. Wanaume wote walikuwa msikitini, Saida ndani na Baba, shamba tupu. Nilichukua msumeno wa mikorosho na panga.

Kwanza niliitazama ile mistari sita. Wameipogoa kwa woga! Kila tawi limeachwa na vifundo viwili, vitatu, shina lote limesimama vile vile. Ndiyo maana hatuendelei. Mimi nikapiga magoti kwenye mstari wa saba, nikakata. Mzabibu wa kwanza, kisiki. Wa pili, kisiki. Mashina ni mazee, manene kama kifundo cha mguu, lakini msumeno ulikuwa mkali. Kufikia saa saba kasoro visiki kumi na kimoja vilikuwa vimenyooka mstari mmoja. Nilirudi nyuma hatua tano kutazama. Safi kabisa!

Halafu nikaona maji.

Lahaula! Kile kisiki cha kwanza kilikuwa kinatoa maji. Si utomvu, maji, meupe, yanajikusanya juu ya mkato na kuteremka tone baada ya tone. Nikatazama cha pili, nacho. Vyote! Mkorosho haufanyi hivi. Nikafuta kwa kanzu, yakarudi. Nikabana kwa kidole gumba, yakapita pembeni, na vidole ninavyo kumi tu.

Nikakimbilia udongo wa mfinyanzi. Nikaziba kisiki kimoja kimoja, udongo ukateleza. Nikakumbuka salfa, ule unga wa njano tunaopulizia mikorosho ukungu ukiingia. Ufunguo wa stoo anao Saida, nikapita dirishani. Nikachanganya salfa na udongo, nikafunga kwa vipande vya shuka yangu. Walipotoka msikitini mstari wa saba ulikuwa na majeruhi kumi na mmoja waliofungwa bendeji, na mimi nilikuwa wa njano kuanzia nywele mpaka kucha.

Fredi alipita njiani na mbao zake begani. Akasimama. Akauliza kama ni mimi niliyewazika au wao ndio wanajiandaa kunizika mimi. Nikaendelea kukaza bendeji.

Bendeji zote zimelowa. Bado yanatoka. Nimeua mizabibu ya Baba.

Jumamosi, 10 Mei

Saida kaiona alfajiri alipokwenda chooni. Nilitegemea kelele. Nilikuwa nimejiandaa na majibu manne. Hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale kwenye umande, akaweka kiganja juu ya kisiki kimoja, akalia. Nikasema Dada, si ni mstari wa chooni tu? Akaniuliza kama kweli sijui ule mstari ni wa nani. Nikasema wa Baba, kama mingine yote. Akainuka akaenda zake.

Baba akajua. Sijui nani kamwambia, labda harufu ya salfa. Akataka kupelekwa. Tulimwambia muuguzi amekataza. Akasema muuguzi hajapanda mizabibu. Tukambeba na kiti, mimi upande mmoja, Saida upande wa pili. Hana uzito. Nilishangaa jinsi alivyo mwepesi, huyu aliyekuwa ananirusha juu na kunidaka.

Tukamweka mbele ya kisiki cha kwanza. Akafungua bendeji mwenyewe, taratibu. Akapapasa mkato wote kwa kidole. Nilikuwa nimekwishajiandaa kumsingizia bwana shamba. Baba akalowesha kidole kwenye yale maji, akakitia mdomoni.

Akasema yanalia vizuri. Akasema mzabibu ukikatwa wakati wake lazima ulie, hata ile sita ililia, siku ya tatu hunyamaza. Usipolia ndio umekufa. Nimekata vibaya sana, kasema, mwaka huu na mwakani hakuna kichala, lakini mizizi ni ya miaka mingi, itasukuma. Yatachipua machipukizi mengi kila upande. Ni lazima kuchagua moja tu kwa kila kisiki na kuyang'oa mengine yote, na kulichagua hilo moja kuna namna yake, haielezeki kwa mdomo. Kesho asubuhi nije nikae naye hapa, nimshikie, anionyeshe kwa mikono.

Hakunigombeza. Nilikuwa natamani anigombeze.

Nikasema inshaallah.

Usiku huu nimejisikia vibaya kwa muda mrefu kidogo. Halafu nikakumbuka ubao. Kesho ndiyo Jumapili, Happiness kasema mapema. Nikitoka alfajiri nitarudi kabla ya saa sita, na Baba bado atakuwepo. Kukaa naye na ubao mkononi ni bora kuliko kukaa naye mikono mitupu, baada ya aibu ya jana.

Jumatatu, 12 Mei

Sikuandika jana. Naandika leo kwa sababu kama sitaandika nitapasuka.

Nilitoka alfajiri. Nilipita mlangoni kwa Baba, alikuwa ameamka, amevaa kandambili. Nikasema narudi sasa hivi. Akasema sawa mwanangu, nipo.

Ubao haukuwa tayari. Herufi za jina langu zilikuwa bado. Happiness kasema nisubiri au nije kesho. Nikasubiri. Simu ikazima chaji, sikujali. Saa sita akamaliza. Akaniambia rangi haijakauka, niubebe kwa pembeni. Bajaji ilikuwa imejaa, nikaukumbatia.

Tulipoingia kijijini niliona watu wengi nyumbani. Nikadhani, Mungu anisamehe, nikadhani habari za ubao zimenitangulia. Nikashuka nimeukumbatia vile vile, natabasamu. Wanaume wamekaa kwenye mikeka nje. Hakuna aliyesimama. Saida akatoka na mtandio kichwani, akaniangalia, akaangalia ubao, akasema Baba ameondoka saa nne. Alikuwa kwenye kiti chake pale kwenye mstari wa saba. Alikataa kuingia ndani. Alisema Jafari kaenda mara moja, anarudi.

Baba yangu. Baba yangu kafa ananisubiri.

Nilipoutoa ubao kifuani, jina langu lilikuwa limenakiliwa kwenye kanzu, jekundu, kinyumenyume. Sikuwa na kanzu nyingine. Nilimsalia Baba swala ya jeneza nimevaa hivyo. Watu wakatazama chini.

Kaburi lilichimbwa haraka ili azikwe alasiri. Mimi mwanawe niliingia ndani kumpokea, na binamu zangu wawili. Tukamlaza kwenye mwanandani, lile tundu la pembeni, tukaanza kupokea mbao za kufunikia, moja moja. Fredi ndiye alizikata, ndiye alikuwa anatuteremshia. Zikafika mwisho. Pengo likabaki miguuni, upana wa mbao moja. Fredi akahesabu, akahesabu tena. Alikuwa amekosea. Fredi hajawahi kukosea kipimo maisha yake yote, jana mikono ilikuwa haimtii. Karakana mbali, jua linashuka, Sheikh anasema mzee asicheleweshwe.

Mtu mmoja juu akasema, kuna ule ubao wa Jafari.

Nikiwa mle ndani ya kaburi nilitaka kukataa. Naandika ukweli, hii ni shajara. Nilitaka kusema ule ni mninga, ule una kazi yake. Nikamtazama Fredi. Nikamwambia basi akate upande wa mwanzo, aache upande wenye jina. Akajibu kwamba mwanzoni una ufa, uzima uko mwishoni. Nilingojea atanie. Mtani kwenye msiba ana haki zote, anaweza hata kulala kaburini akatae kutoka. Hakutania. Nilisikia msumeno juu ya kichwa changu.

Akauteremsha. JAFARI SHAFII. Sheikh akaelekeza maandishi yakae nje, rangi isiguse sanda. Nikaupokea, nikaupachika kwenye pengo, ukaingia sawasawa kama ulipimwa. Hapo Fredi akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na mtu aliye macho, kwamba Mzee asiwe na wasiwasi sasa, Jafari amekuja kumshikia.

Hakuna aliyecheka. Nilipandishwa juu. Udongo ukaanza kuingia. Nilisoma jina langu mpaka herufi ya mwisho ilipofunikwa.

Jumatano, 14 Mei

Khitma ya siku ya tatu imepita. Wageni wameondoka.

Saida aliniita jikoni. Akanipa kitu kilichofungwa kwenye kanga ya Mama. Mkasi.

Nikamwuliza kwa nini. Kasema Baba aliacha maagizo tangu mwaka jana, mbele ya Sheikh: shamba ni letu sote wawili tusigawane, yeye asimamie mauzo, mkasi apewe Jafari, ila kwanza Jafari afundishwe. Ndiyo sababu mstari wa saba ulikuwa haujapogolewa. Ule ni wangu. Aliupanda mwaka niliozaliwa, na kila mwaka niliokuwa mjini aliupogoa mwenyewe, hakuruhusu mkono mwingine. Uko pembeni vile, Saida kasema, kwa sababu pale ndipo njia ya kuingilia ilipokuwa zamani. Alitaka mtu akifika aanze kuuona huo.

Nilikaa kwenye kinu. Miaka yote nimepanga namna ya kuupata mkasi, na mkasi ulikuwa wangu. Kilichokuwa kinatakiwa ni asubuhi moja. Alinipa asubuhi sita.

Nililia mpaka Saida akanifuta kwa kanga yake. Nimeapa mbele yake. Nimebadilika. Mtu akiniita tena asubuhi, nitakwenda. Naliandika hili na kulipigia mstari.

Ijumaa, 20 Juni

Arobaini ya Baba imesomwa leo. Watu wamekula wakashiba. Happiness amekuja kutoka Mikindani kutoa pole, hakutaja tenga. Fredi kamtania marehemu, kanitania mimi, watu wamecheka na kufuta machozi, mambo yamekuwa kama inavyopaswa.

Habari kubwa: visiki vimechipua! Vyote kumi na kimoja! Kila kimoja kimejaa machipukizi pande zote, kama nywele za mtu aliyetoka usingizini. Sipendi kujisifu siku ya arobaini, lakini ile mistari sita iliyopogolewa kwa woga haina hata robo ya majani haya. Nimemweleza Saida kwamba mwakani tuifanye yote visiki. Akasema tutazungumza.

Halafu kaniambia jambo. Machipukizi yamekuwa mengi mno, yasipopunguzwa wiki hii mizabibu itajinyonga. Anajua namna ya kuchagua lile moja la kubaki, Baba alimfundisha kwa mikono. Ila anahitaji mtu wa kumshikia, maana macho yake yameanza ukungu, asubuhi haoni vizuri, vile vile yalivyomwanza Baba. Kasema kwa wepesi, huku anaosha masufuria, hakutaka niulize. Kasema kesho asubuhi jua halijawa kali nije na mkasi nikae naye pale, anionyeshe. Atakuwa ananisubiri.

Nikasema inshaallah.

Nitakwenda keshokutwa. Kesho siwezi, Happiness anarudi Mikindani alfajiri na ana nafasi kwenye gari. Kile kipande cha ubao kilichobaki nimekihifadhi stoo. SHAMBA LA ZABIBU LA. Kinahitaji futi mbili na nusu tu za kuunganishia, nami wazo limenijia leo wakati wa dua: safari hii tuandike jina la Baba. Saida atafurahi sana akiambiwa. Kwa usafiri wa mapema, nitarudi kabla ya saa sita.